Studio ya picha nyeusi, Mwanga, Kigoma: maoni ya mteja aliyelipa mwenyewe

Kama unatafuta picha ya mahafali, ya harusi au ya pasipoti, usipande ngazi hizi. Studio ninayoizungumzia iko Mwanga, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na haina bango. Ukifika sokoni ulizia kijana anayepiga picha nyeusi. Bodaboda wanamjua, ingawa wapo watakaokutazama mara mbili kabla ya kukupakia. Anapiga picha za huzuni, za hasira na za hofu. Mtu anaingia na jambo lililomkaa kifuani, anatoka na picha ya jambo hilo: chumba kisicho na sakafu, mwanamke mwenye vivuli vitatu, nguo iliyosimama bila mtu ndani yake. Nililipa bei kamili, sikupewa punguzo wala kuombwa niandike. Naandika kwa sababu kila anayeiona picha iliyo kwenye simu yangu anauliza ni kitu gani, na jibu lake si la kusimama nalo njiani.

Mimi nafanya biashara ya dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi, naanika, nasafirisha Tabora na Dar es Salaam. Kaka yangu alikuwa mvuvi. Upepo uliwakuta ziwani usiku, mtumbwi ukapinduka, wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana tena. Tulimswalia swala ya ghaibu, tukamsomea hitima, wageni wakala, wakatupa mkono wa pole, wakaondoka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi pale panapozama zaidi, na duniani hakuna ziwa linalolizidi kina isipokuwa Baikal. Watoto wa Kigoma tunaikariri namba hiyo tangu shule ya msingi, na tunajivuna nayo mbele ya wageni. Siku hizi nikisikia mtu anaitaja huwa naondoka.

Nyumbani tuna picha zake mbili. Moja ni ya kitambulisho, nyingine ya harusi ya binamu yetu, anacheka. Kila anayekuja huitazama hiyo ya pili na kusema marehemu alikuwa mcheshi. Kweli alikuwa mcheshi. Lakini hakuna picha hata moja ndani ya nyumba ile inayosema kilichotupata, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta nilipopanda ngazi za Mwanga.

Siku ya kwanza kamera haiguswi. Kijana alinipokea, "Shikamoo dada," akaniwekea kiti, akafungua daftari la shule na kuanza kuuliza. Kitu gani cha marehemu kimebaki? Ndoto zangu zina nini? Nyumbani kuna chumba nisichoingia? Kuna nguo nisiyovaa tena? Halafu akauliza kama nalala, kama nakula, kama nina mtu wa kuzungumza naye. Nilidhani ni maneno ya kujaza muda, kumbe majibu hayo ndiyo yanayomwambia ampokee mteja au asimpokee. Alinieleza kuhusu kijana mmoja aliyekuja akitaka apigwe picha akiwa maiti, naye akaifunga kamera, akafuatana naye hadi hospitali. "Mimi si daktari, dada. Picha inamfaa mtu anayeweza kurudi nyumbani nayo." Kwa maneno hayo nilimwamini, na mpaka leo nasema mazungumzo ya siku hiyo ndiyo huduma yenyewe. Wapo wapigapicha wengi wenye kamera nzuri kuliko yake. Sijamwona mwingine mwenye daftari.

Nilimwambia mambo mawili. La kwanza lilikuwa Liemba. Ile meli waliizamisha Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa maadui zao, ikakaa chini ya maji kwa miaka, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Babu zetu waliipanda, na sisi tuliipanda. Nikamwambia: ziwa hili limewahi kurudisha meli nzima yenye injini, kaka yangu halikumrudisha. Aliandika. La pili lilikuwa koti la mvua la njano la kaka, ambalo usiku ule hakulivaa, na ambalo bado linaning'inia nyuma ya mlango wa mama. Hapo akaweka kalamu chini, akasema tumeshapata picha ya kwanza.

Kabla sijaondoka alinionyesha kwenye kishikwambi kazi za Samuel Fosso, mzaliwa wa Kamerun aliyefungua studio Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Alikuwa akiwapiga picha wateja, na nafasi zilizobaki mwisho wa filamu akajipiga mwenyewe zisipotee. Mwaka 2000 akatengeneza mfululizo wa picha za kumkumbuka rafiki yake aliyeuawa na watu wenye silaha huko Bangui. Ndani ya picha hizo yuko Fosso mwenyewe, chumbani, usiku, na mwili wake ndio unaobeba woga wa usiku wa rafiki. Nilizitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nadhani kupiga picha msiba kwa namna hii ni mambo ya wazungu wenye nafasi, kumbe Mwafrika mwenye studio ndogo ya mtaani, wa pasipoti na familia, alishalifanya.

Kijana ana masharti, na ni vizuri uyajue mapema. Hapigi na mifupa, hirizi, tunguli wala kitu chochote cha mganga. Hapigi makaburini. Hapigi picha watoto, hata mzazi akikubali. Mwanamke akitaka kuja na ndugu, ndugu anakaa ndani ya chumba. Mimi ni mtu wa kujifunika, sikutaka nywele zionekane, na hilo halikuhitaji mjadala.

Sasa picha zenyewe.

Ya koti ilipigwa studio, mbele ya kitambaa cheusi kinachoanzia darini hadi sakafuni. Alilitundika koti kwa nailoni ya kuvulia, akajaza mikono yake magazeti ili isimame, na ndani ya kifua akaweka taa ndogo ya sola, zilezile zinazofungwa kwenye mitumbwi kuvutia dagaa. Taa niliileta mimi. Mwanga ukawa unatokea kwenye kola, mahali pa shingo. Mimi nilisimama pembeni, nikaambiwa niingize mkono wangu kwenye mkono wa koti. Alipiga mara ya kwanza nikiwepo pamoja na koti, halafu akaondoa kila kitu na kupiga kitambaa kitupu bila kuisogeza kamera, ili baadaye kwenye kompyuta afute nailoni na kurudisha weusi mahali pake. Kwenye picha iliyokamilika mkono wangu unaingia kwenye koti na upande wa pili hautokei. Kola inawaka. Uso wangu unaonekana nusu tu, na sikuwa nimeambiwa nihuzunike wala nifanye chochote na uso. Hii ndiyo picha iliyo kwenye simu yangu. Ningelipia hii peke yake bei yote.

Ya pili nililazwa mezani chali, kichwa na mikono vikining'inia ukingoni, mtandio ukishuka hadi karibu na sakafu. Akapiga, kisha akaigeuza picha juu chini, na mtandio ukawa unapanda juu wenyewe, mimi nikiwa nimesimama ndani ya kitu kisichoonekana. Kwa nyuma aliweka dagaa. Tulizimwaga kiganja kimoja kimoja kwenye kitambaa cheusi akazipiga kutoka juu, na zilipounganishwa zikatanda nyuma yangu zikimeta. Wazo ni zuri na dagaa walikuwa wangu, wa mzigo wangu, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Lakini alipoituma mara ya kwanza alikuwa ameongeza nyufa usoni, machozi meusi na moshi, vitu vinavyokuja vimeshatengenezwa tayari ndani ya programu za simu. Nilimwambia avitoe. Vitu hivyo havina mwenyewe. Anaweza kubandikiwa msichana aliyeachwa na mchumba au mtu aliyefukuzwa kazi, na vitasema jambo lilelile. Alivitoa bila kununa. Hata hivyo kwangu hii ndiyo dhaifu kati ya tatu, kwa sababu inamwonyesha mtu aliyezama, na mtu aliyezama sihitaji kuonyeshwa.

Ya tatu tuliipiga Katonga, usiku, na hapa lazima nieleze wakati. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Biashara yangu ilikuwa imelala, ndiyo maana nikapata nafasi. Asiyeijua Kigoma aelewe kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa inawashwa, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwa kubwa mwanga unatapakaa kila mahali, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika nchi kavu. Kwa hiyo usiku ambao mgeni angeuita wa kutisha, kwetu ndio usiku wa kazi, na taa za mitumbwi zinajipanga ziwani hadi mtu wa kuja anadhani kuna mji ng'ambo ile. Kipindi kile cha kufungwa hapakuwa na taa hata moja. Sijawahi kuliona ziwa vile.

Kijana alisimamisha kamera kwenye stendi mchangani, akaniambia nivae nguo nyeusi na nisimame nikilitazama ziwa. Akaiacha shata, yaani kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, wazi kwa sekunde 30. Ndani ya muda huo alinimulika kwa fleshi ya mkononi, nikapiga hatua mbele, akamulika tena kwa nguvu ndogo zaidi, nikapiga hatua nyingine hadi maji yakafika vifundoni, akamulika kwa mara ya mwisho kidogo kabisa. Kamera inakusanya kila kilichomulikwa na kupuuza kilichobaki gizani, na giza liliponificha kati ya mwanga mmoja na mwingine ni kama sikuwepo. Kwenye picha niko mara tatu, kila ninavyoyakaribia maji ndivyo ninavyofifia. Hakuna kilichounganishwa kwenye kompyuta hapo. Alinitajia Francesca Woodman, Mmarekani aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 22, ambaye alikuwa akijipiga ndani ya vyumba chakavu na kuacha shata wazi hadi mwili wake unayeyuka kwenye picha. Nimezitafuta baadaye picha zake na namshukuru kijana kwa kunitajia.

Watu wanauliza kama hizi si picha za akili mnemba. Nilimuuliza hivyohivyo. Hatumii, na sababu yake ilikuwa rahisi: akili mnemba haijawahi kuliona koti la kaka yako. Kuhusu kuunganisha picha, nako watu hudhani kumeletwa na kompyuta. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Uingereza, aliunganisha negativu (picha za awali kabla ya kusafishwa kwenye karatasi) zaidi ya 30 kuwa picha moja. Mmarekani Jerry Uelsmann alijenga kazi ya maisha yake ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha, akihamisha karatasi moja kutoka mashine hadi mashine, miti ikiota juu ya mawe na nyumba zikiota mizizi, miongo kadhaa kabla Photoshop, programu ya kompyuta ya kurekebisha picha, haijatoka mwaka 1990. Kwa hiyo anayesema hii si picha halisi inabidi awaeleze hao pia.

Uchapishaji ndiyo sehemu inayohitaji marekebisho makubwa. Picha hizi zina weusi mwingi, na weusi ndiyo unaoisumbua mashine ya kuchapa. Chapa yangu ya kwanza ya koti ilitoka na kivuli cha kijani kwenye kitambaa chote, ukiitazama mchana unaiona wazi. Niliirudisha, akaichapa upya bila malipo, na ya pili ilitoka nyeusi kweli, lakini ilibidi nisubiri wino uagizwe. Ushauri wangu: chukua karatasi isiyong'aa. Ile inayong'aa kwenye picha nyeusi inakuwa kioo, utajiona wewe na balbu ya sebuleni kwako. Kwa sababu hiyohiyo usiweke fremu yenye kioo mbele ya dirisha. Muombe pia aongeze mwanga kidogo kwenye faili la kuchapa, maana kivuli kinachoonekana kwenye skrini kinazama kikifika kwenye karatasi. Na ukiitazama kwenye simu ongeza mwanga wa skrini, vinginevyo utaona kipande cheusi na kudhani umeibiwa.

Muda nao si wa kuaminika. Aliahidi wiki mbili, zikapita, na nilipata picha baada ya kumkumbusha kwa simu. Alikuwa na harusi za kupiga, na harusi ndizo zinazolipa kodi ya chumba, naelewa. Lakini mtu anayesubiri picha ya aina hii hasubiri kwa utulivu. Afadhali aahidi mwezi na autimize.

Bei: mazungumzo ya kwanza hayalipiwi. Picha tatu zilizokamilika ni laki moja na ishirini, nusu unatanguliza. Kwenda nje ya mji unalipia usafiri wa vifaa na msaidizi wake. Chapa ya A3 ni elfu ishirini na tano, na faili zote unapewa kwenye flashi yako. Ni ghali ukilinganisha na studio za chini, ambako kwa fedha hiyo utapigwa familia nzima mara kadhaa. Ukihesabu siku ya daftari, siku ya studio, usiku wa Katonga na saa alizokaa kwenye kompyuta, sioni kama amejipendelea.

Kuna karatasi mnayosaini wote wawili. Nilitia alama kwamba picha zangu zisiwekwe mtandaoni wala ukutani kwake, na mpaka sasa sijaziona popote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ni wachache mjini hapa wanaokupa karatasi kabla hujaiomba. Kwa picha za namna hii karatasi hiyo ina uzito kuliko lenzi.

Kuhusu maneno ya mtaani nitasema machache. Jirani aliniambia nimepiga picha za kichawi na kwamba namzuia marehemu asipumzike. Nilimjibu kwa adabu kwa sababu ni mtu mzima na alilia na sisi. Nilimwambia kaka yangu alikuwa akitoka nyumbani jioni na kurudi alfajiri, miaka yote, na chakula chetu kilitoka gizani. Aliyeishi kwa giza akipigiwa picha yenye giza hajatukanwa. Kuchapa picha yake akicheka harusini, na kuacha hiyo peke yake iwe kumbukumbu, ndiko kunakonipa shida mimi. Hakukubali, ila aliomba kuiona tena ile ya Katonga.

Mama ndiye niliyemhofia. Sikumwonyesha mwenyewe, aliikuta fremu mezani. Aliishika muda mrefu, akauliza, "Mwanangu, mkono wako umekwenda wapi?" Nikamwambia ndiyo hivyo, mama, sijui. Akasema na wake pia. Baada ya siku kadhaa akaniambia anataka kupigwa, lakini ngazi za Mwanga hataziweza kwa magoti yake. Kijana amekubali kuja Ujiji na kitambaa chake, kwa nyongeza ya elfu thelathini za usafiri, na kama una mzee nyumbani mwambie mapema maana kitambaa kinahitaji ukuta mrefu usio na dirisha. Mama hataki koti. Anataka redio ya kaka, ile ya betri aliyokuwa akisikilizia mpira, na anataka iwe imefungwa kwa mtandio wake. Kijana ameomba redio ipelekwe studio kabla, aone mwanga unakaaje juu yake, na safari hii amesema mwezi mmoja, nami nimemwambia auandike kwenye karatasi.